Karatasi ya mistari mitatu: namna ya kuandika jukumu, mazingira na kiwango cha kombania

Habari za wakati huu, maafande, na wewe kijana unayejiandaa na kozi ya cheo, karibu. Leo nina ubao, kalamu mbili za rangi na karatasi hii moja. Isogezee kamera kidogo... hapo hapo. Ina mistari mitatu tu: jukumu, mazingira, kiwango. Tutaijaza pamoja kuanzia juu hadi chini, kwa kombania moja ya askari wa miguu iliyopelekwa kulinda amani. Chukua daftari. Kila nikiandika ubaoni, simamisha video na wewe uandike.

Kabla hatujaanza: namba nitakazoweka kwenye mfano wetu ni za kufundishia. Za kombania yako zibaki kikosini.

Hatua ya kwanza ni kusoma dhima, yaani ile kazi kuu mliyotumwa kuifanya. Usianze na ratiba ya mafunzo. Najua inavyokuwa. Unafungua faili la mwaka jana, unabadilisha tarehe, mkuu wa kikosi anasaini, imeisha. Ratiba hiyo itakuambia mwaka jana mlipenda kufanya nini. Unachotafuta ni mmetumwa wapi, kufanya nini, na mtakutana na nani huko.

Tuchukue kisa cha kweli. Tarehe 28 Machi 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2098 kuhusu Kongo. Ndani yake ikazaliwa brigedi maalumu chini ya MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa kulinda amani huko Kongo: vikosi vitatu vya askari wa miguu, kimoja cha mizinga, na kombania moja ya makomando na upelelezi, makao makuu Goma. Askari walitoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa.

Sasa angalia kitenzi. Walinda amani tuliowazoea wanatumwa kuangalia, kusimamia, kulinda raia. Brigedi hii ilitumwa pia kuyavunja nguvu makundi yenye silaha. Nakipigia mstari kwa rangi nyekundu kwa sababu hicho ndicho kinachozaa majukumu. Ukitumwa kuvunja nguvu, utahitaji doria za mapambano, utahitaji kushambulia, utahitaji mizinga inayoelewana na askari wa miguu. Na kuna jukumu jingine ambalo halitajwi kwenye kitenzi lakini linakuja nacho: kulinda pale unapolala. Unayemfuata porini anajua kambi yako iko wapi. Wewe yake huijui. Wakati wa kusoma dhima, kwa hiyo, andika majukumu yaliyotajwa upande mmoja, na yale yanayojileta yenyewe upande wa pili. Upande wa pili ndio unaosahaulika.

Hatua ya pili ni kuchuja, na hapa sikai sana. Mwaka 1988 jeshi la nchi kavu la Marekani liliwaambia makamanda wake wazi kwamba hakuna kikosi kinachoweza kuwa hodari katika kila kitu. Kamanda achague majukumu machache ambayo yakishindwa, dhima yote inashindwa, na muda wa mafunzo uende huko. Majeshi mengi yaliufuata mtindo huo. Kwa kombania, mimi nikiona orodha imezidi majukumu sita au saba naanza kuhisi kwamba mtu hakutaka kumuudhi yeyote. Gwaride la kumpokea mgeni rasmi ni kazi nzuri na lina heshima yake. Halikai kwenye orodha hii.

Sisi leo tunachukua jukumu moja, lile la kulinda kambi.

Hatua ya tatu: andika mstari wa kwanza, jukumu lenyewe. Hapa kanuni ni rahisi. Kitenzi kiwe cha kitu kinachoonekana kwa macho. Mtu amesimama pembeni na daftari, je, ataona kazi imeanza saa ngapi na imeisha saa ngapi? "Kuimarisha ulinzi wa kambi" haoni mwanzo wala mwisho. "Kuwa na uelewa wa mbinu za kujihami" ndiyo kabisa, ataona watu wamekaa wanatikisa vichwa. Andika hivi: kombania inalinda kambi yake dhidi ya shambulizi. Basi. Usiongeze "kwa ufanisi". Ufanisi una mstari wake chini.

Hatua ya nne ni mazingira, mstari wa katikati, na ndiyo sababu nimetengeneza video hii. Jukumu kila mtu analiandika vizuri akishaelekezwa mara moja. Kiwango watu wanakigombania hadi jioni, dakika tano au dakika saba. Mstari wa mazingira unajazwa na karani. Mara nyingi unakuta umeandikwa hivi, na ninaunakili ubaoni neno kwa neno kama nilivyouzoea: "Kombania ikiwa na silaha na vifaa vinavyostahili, mchana au usiku, inashambuliwa na adui."

Tafuta neno lenye kosa. Simamisha video.

Wengi wenu mmesema "vinavyostahili", na mko sawa, ni neno la kujificha. Lakini kosa kubwa ni dogo kwa umbo: "au". Mchana au usiku. Ukimwachia binadamu "au", atachagua mchana. Jua linatosha, chakula cha mchana kipo, watazamaji wanaona. Zoezi linafanyika saa nne asubuhi, linafaulu, na kwenye taarifa kombania inahesabika imefaulu mchana na usiku pia.

Nilishawahi kuona zoezi la kubeba majeruhi likipimwa kwa saa ya mkononi, vijana wakakimbia na machela kama upepo. Walikuwa wanakimbia juu ya lami. Na aliyelazwa kwenye machela alikuwa kuruta mwembamba kuliko wote, bila vesti ya kuzuia risasi wala bunduki. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshawashwa, mlango wazi. Kiwango kilifikiwa. Aliyedanganya hayupo, karatasi iliruhusu kila kitu. (Kidokezo cha bure: mkufunzi achague majeruhi mwenyewe. Achague fundi wa jiko.)

Basi tuandike upya, na kila neno liwe limetoka kwenye dhima. Tuanze na saa: usiku, mwezi haupo. Ardhi: nyasi ndefu na msitu unaokaribia seng'enge, barabara moja tu ya kuingia na kutoka. Adui: wengi kuliko walinzi walio kambini, wanakuja kutoka pande mbili, wana rashasha na maroketi ya kurushwa begani. Sisi: platuni moja iko nje kwenye doria, kwa hiyo kambi ina theluthi mbili ya watu wake. Kamanda wa kombania ameitwa makao makuu, anayeongoza ni msaidizi wake. Mawasiliano: redio kuu inakufa dakika ya kumi. Msaada: helikopta haziruki, na kikosi cha dharura kinakuja kwa barabara ile ile moja. Raia: wanakimbilia langoni wakitaka hifadhi.

Utasema nimezidisha. Tarehe 7 Desemba 2017, giza likiingia, kambi ya kombania ya Tanzania huko Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa na watu walioshukiwa kuwa wapiganaji wa ADF, kundi la waasi lenye asili ya Uganda. Mapigano yalikuwa marefu. Ndugu zetu 14 walihesabiwa kufa katika taarifa za kwanza, na makumi wakajeruhiwa. Umoja wa Mataifa ulifanya uchunguzi maalumu, na matokeo yaliyotangazwa mwanzoni mwa 2018 yalisema ujumbe wa Kongo haukuwa na mpango wa dharura unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu walinda amani wake na kuwatoa. Yalitaja matatizo ya uongozi na amri, upungufu wa ndege, wahandisi na taarifa za kiintelijensia, na mapengo katika mafunzo. Walioshika lindo usiku ule sina la kuwasomea. Mimi nasoma orodha ile ya mapungufu kama mkufunzi, na ninachokiona ni mambo ya mstari wa katikati: nani anakuja kukusaidia, kwa njia gani, nani anaamuru njia ikifungwa. Hayo yote yanaweza kuandikwa kwenye karatasi na kuzoeshwa kabla ya safari.

Kama kombania yako haiwezi kuanza na mazingira hayo yote, anza na machache, hakuna aibu. Wiki ya kwanza mchana, wiki ya pili usiku, wiki ya tatu usiku na redio imekufa. Ila andika wazi kwenye karatasi kwamba mlichofaulu ni cha mchana. Neno "au" lisirudi.

Hatua ya tano ni kiwango. Mfano safi kuliko yote ninaoujua ni wa barakoa ya gesi. Askari wa Marekani anasikia tahadhari ya gesi, barakoa iko kwenye mkoba wake: anatakiwa awe ameivaa na kuiziba sawasawa ndani ya sekunde 9. Ni muda, na pia ni ubora, kwa sababu barakoa iliyovaliwa kwa sekunde 6 huku inavuja haihesabiki. Na huwezi kubishana na saa.

Mfano wa pili ni wa majeruhi, na huu unatumika pia katika misheni za Umoja wa Mataifa. Wanauita kumi, moja, mbili. Damu izuiwe na huduma ya kwanza itolewe ndani ya dakika 10 tangu kujeruhiwa. Huduma ya juu zaidi ya daktari au timu ya uokoaji ndani ya saa 1. Upasuaji ndani ya saa 2. Namba hizi hazikuchaguliwa kwa sababu zinapendeza. Mtu anayevuja damu nyingi pajani hana nusu saa ya kusubiri. Kiwango kizuri daima kina sababu nyuma yake, na askari aambiwe sababu hiyo.

Sasa cha kwetu. Naandika: ndani ya dakika 3 tangu king'ora, kila handaki lina watu wake na silaha zake. Ndani ya dakika 5 taarifa ya kwanza imefika makao makuu ya kikosi, kwa redio kuu au ya akiba. Hakuna adui aliyepita seng'enge ya ndani. Kila majeruhi amezuiwa damu ndani ya dakika 10. Hakuna risasi iliyoelekezwa kwa raia walioko langoni. Risasi za akiba zimefika kwenye mahandaki kabla ya za mwanzo kwisha.

Umeona kuna mistari inayoanza na "hakuna". Usiiache. Kombania inaweza kuwa na kasi ya ajabu na bado ikapiga raia, na hapo umeshindwa hata kama saa inakusifu. Na jiulize swali moja kwa kila mstari: nani anaweza kuanguka hapa? Kama hakuna anayeweza kuanguka, ulichoandika ni salamu za rambirambi, futa.

Hatua ya sita: teremka hadi kwa askari mmoja mmoja. Taarifa ndani ya dakika 5 inamhitaji askari anayejua kubadili masafa gizani kwa kupapasa. Damu ndani ya dakika 10 inahitaji kila mtu awe na mkanda wake wa kukaza, mahali pale pale mwilini kwa wote, ili mwenzake aupate bila tochi. Andika hayo nyuma ya karatasi, na weka nyota kwenye yale ambayo likishindwa moja tu, zoezi zima limeshindwa. Mimi nyota zangu ni mbili: mawasiliano na raia. Zako utazichagua, ila zisiwe kumi.

Hatua ya saba ni kupima. Wamarekani wana herufi tatu za zamani: T kwa aliyefunzwa, P kwa anayehitaji mazoezi zaidi, U kwa asiyefunzwa. Baadaye wakakaza masharti, kwamba T haipatikani kwa zoezi la mchana ulilojisimamia mwenyewe. Lazima usiku, lazima jicho la nje. Hilo la jicho la nje lichukue hata kama jeshi lako lina herufi nyingine. Omba ofisa wa kombania ya jirani aje na saa yake. Mpe karatasi siku moja kabla, mwache aamue mwenyewe redio ife dakika ya ngapi.

Na usitafute wastani. Mahandaki T, majeruhi T, mawasiliano U: watu wanajumlisha, wanagawanya, wanaandika P. Mawasiliano yana nyota, kwa hiyo jibu ni U, na kamanda analisaini likiwa hivyo hivyo. Najua itauma, hasa kama safari imekaribia na mabegi yameshafungwa.

Karatasi yetu imejaa. Naiweka karibu na kamera muisome vizuri. Kazi yenu wiki hii: tafuteni karatasi moja ya kombania yenu iliyopita, msiguse jukumu, msiguse kiwango. Mpeni sajini meja mstari wa katikati peke yake, na kalamu nyekundu.