Mwaka 1962 Ulipogeuka Orodha: Kutengeneza Kichanganuzi cha Markdown

NAKATO: Karibuni tena, hapa Kampala. Leo ni Markdown, ile namna ya kuandika matini ya kawaida aliyoitoa John Gruber mwaka 2004, na jinsi ya kuigeuza HTML, lugha ya kurasa za wavuti, kwa programu yako mwenyewe. Okello, wengi huanza na rejeksi, zile ruwaza za kutafuta maandishi.

OKELLO: Na hukwama papo hapo. Rejeksi ya vinyota viwili (herufi nzito), nyingine ya kinyota kimoja (herufi za kulala), zinafuatana. Kisha mtu anaandika `5 * 3 * 2`, ile 3 inatoka imelazwa.

NAKATO: Dawa yake?

OKELLO: Awamu mbili. Ya kwanza inasoma mstari kwa mstari na kujenga mti wa vipande vikubwa: aya, vichwa, orodha, nukuu, msimbo. Haigusi kinyota hata kimoja. Ya pili inaingia ndani ya aya na vichwa kutafuta mkazo na viungo. Kipande cha msimbo hakifiki huko kabisa. Ndivyo CommonMark, maelezo sanifu ya Markdown ya 2014, inavyoshauri.

NAKATO: Tuijaribu. "Uganda ilipata uhuru mwaka", mstari unakatika, unaofuata unaanza "1962. Bendera mpya…" Nambari, nukta, nafasi. Si hiyo orodha?

OKELLO: Hapo hapana, nnyabo. Orodha ya nambari haikatizi aya ila ikianza na 1. Lakini weka mstari mtupu juu ya 1962, utapata orodha inayoanza na 1962: `<ol start="1962">`. Programu ya kwanza ya Gruber ilipuuza nambari hiyo, kwa hiyo msomaji angeona 1. Mwandishi anajiokoa kwa `1962\.` Na usikubali zaidi ya tarakimu 9, maana kuna vivinjari vinavyoshindwa na nambari ndefu zaidi.

NAKATO: Awamu ya pili sasa: `**bei *mpya***`.

OKELLO: Usifungue tegi, yaani alama ya HTML, papo kwa papo. Kila ukikuta vinyota, viweke kwenye rundo, na uandike idadi yake na kama vinaweza kufungua au kufunga. Vikifuatwa na nafasi, havifungui. Vikitanguliwa na nafasi, havifungi. Hapa 2 vinafungua, 1 kinafungua, 3 vinafunga. Wafungaji 3 wanatazama nyuma, wanakutana kwanza na yule 1: `em`, tegi ya kulaza. Wamebaki 2, wanashikana na wale 2: `strong`, ya herufi nzito. Kinyota kisichopata mwenzake kinabaki maandishi tu, na ndiyo maana `5 * 3 * 2` inasalimika.

NAKATO: Na `bei_ya_matoke.txt`?

OKELLO: Mstari wa chini katikati ya neno haulazi herufi. Kinyota kinaruhusiwa.

NAKATO: Mie nina ugomvi na vichanganuzi vinavyopinda apostrofi. Ng'ombe! Kingine kinadhani nukuu imefunguliwa. Ikiwa na herufi pande zote mbili, ipindwe kama ya kufunga. Hata hivyo anayetafuta "ng'ombe" kwa apostrofi iliyonyooka huenda asimpate. Kwa Kiswahili na Kiluganda, zima kabisa.

OKELLO: Nakubali. Kwenye kutoa HTML, badilisha `&` kwanza, halafu `<` na `>`, ziwe misimbo yake ya HTML. Ukianza na `<`, ile `&lt;` itageuka `&amp;lt;`, na msomaji ataona takataka.

NAKATO: Viungo vyenye `javascript:`, vinavyoendesha msimbo kwenye kivinjari, je?

OKELLO: Usiorodheshe vile vilivyo vibaya, orodhesha unavyokubali: http, https, mailto, na njia za ndani ya tovuti. Kagua baada ya kufasiri alama kama `&#58;`, la sivyo nukta pacha iliyofichwa itapita mlangoni.

NAKATO: Majaribio?

OKELLO: Maelezo ya CommonMark yana mifano zaidi ya 600, kila mmoja na HTML yake, iendeshe yote kila ukibadilisha kitu. Ongeza faili yenye `[` 50,000 mfululizo. Ikikaa sekunde kadhaa, kila mabano yanasoma upya hadi mwisho wa faili, na mgeni mmoja anaweza kuilaza seva yako.