Damu Ikishakoma Kutoka

Assalaam alaykum. Isha imeshaswaliwa na wengine mna bahari alfajiri, sitawakawiza.

Mtu akianguka mnazi au akapinduka na bodaboda, sote tunapiga kelele moja: damu! Tunafunga, tunakandamiza, tunamvusha kwa boti hadi Mokowe, kule bara. Ndivyo inavyotakiwa. Mimi leo nataka habari ya damu inayoganda mshipani siku ya tano, ya tisa, majeraha yameshakoma kuvuja na jamaa wanaleta uji.

Nikiwa bado mgeni wa kazi nilimuuguza mgema aliyevunjika nyonga. Siku ya tisa alikuwa akitania watu wodini. Shavu la mguu wa kushoto likawa linamuuma, limevimba kidogo, nduguye akaja na mafuta ya nazi akamchua. Nilipita, nikaona, nikanyamaza. Jioni aliinuka kwenda msalani, akashika kifua, akaanguka. Bonge la damu lilikuwa limeng'oka mguuni likaziba mapafu. Siwezi kuapa kwamba ni kule kuchua. Huenda lingeng'oka tu. Lakini mguu ulibisha hodi nami sikuitikia.

Damu huganda mshipani kwa mambo matatu: ikituama, mshipa ukijeruhiwa, au damu yenyewe ikiwa nyepesi kuganda. Majeruhi mkubwa anayo yote. Amelala chali, nyama zimepondeka, na mwili unahangaika kuziba kila tundu. Utafiti wa Kanada uliochapishwa 1994 uliwapiga picha za mishipa majeruhi 349 wasiopewa kinga ya damu kuganda: asilimia 58 walikuwa na mabonge miguuni, na wengi mno hawakuonyesha dalili yoyote. Ndiyo maana hatungoji uvimbe. Kutokwa na damu kukishadhibitiwa, mara nyingi ndani ya siku moja hadi tatu, mgonjwa huanza sindano ya heparini au inoksaparini, dawa za kuzuia damu isigande. Aliyevuja damu kichwani husubirishwa mpaka picha ionyeshe pametulia, na huo ndio uamuzi unaotunyima usingizi: ukiwahi anavuja, ukichelewa anaganda. Huku nyuma tunamkalisha, tunamchezesha vifundo, tunamsimamisha mapema akiruhusiwa.

Naam, mzee wangu, nimekusikia, unauliza kama sindano hizo zina nguruwe. Ni kweli, dawa hizo hutengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe. Sitawaficha, na mimi si mufti. Suala la dharura, yaani kama kilicho haramu huruhusiwa kwa kuokoa maisha, wapelekeeni masheikh sasa, mkiwa wazima, msingoje hadi mtu yuko kitandani na jamaa wanagombana mlangoni. Ipo fondaparinuksi, hiyo hutengenezwa maabara bila mnyama, ingawa haipatikani kila mahali. Na kuna aspirini: mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa Marekani na Kanada, wagonjwa 12,211 waliovunjika viungo au nyonga, na vifo vilikuwa karibu sawa na vya sindano, japo mabonge ya miguuni yalizidi kidogo. Tafadhali, hiyo si ruhusa ya kwenda dukani kujinunulia. Daktari ndiye aamue.

Sasa, hii ni futi ya fundi cherehani. Shuka sentimita 10 chini ya kile kifundo cha mfupa kilicho chini ya goti, zungusha shavu la mguu, kisha upime na wa pili. Mmoja ukizidi mwenzake kwa sentimita 3, usichue, usikande, mlete. Haya, nani ananiazima miguu yake?