Dawa Ambayo Mwanamke Anaweza Kuishi Nayo: Mhadhara Kuhusu Maumivu ya Endometriosisi

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wetu, kina mama, mabinti, na kina baba mliotenga muda wa kuja kusikiliza, nawashukuru kwa kunialika. Mimi ni mfamasia hapa Dodoma, na sehemu kubwa ya kazi yangu hufanyika dirishani, ambako huwaona wanawake walewale wakirudi kila mwezi, karibu na tarehe zilezile, kununua dawa ya maumivu ya tumbo. Wapo wanaotoka Chang'ombe na Nkuhungu, na wapo waliokuja mjini kutoka Kongwa, Mpwapwa au Manyoni kwa shughuli nyingine, wakapitia famasi kwa sababu siku zao zinakaribia na wanajua kitakachowapata. Nitakachozungumzia leo ni namna mgonjwa wa endometriosisi anavyoweza kupata dawa itakayompunguzia maumivu, na ambayo mwili wake, mfuko wake na nyumba yake vitaistahimili kwa miaka. Ugonjwa huu hauna tiba ya kuumaliza kabisa, na dawa kali inayoachwa baada ya mwezi mmoja haijamsaidia mtu.

Ndani ya mfuko wa uzazi kuna utando ambao kila mwezi hujijenga na, mimba isipotungwa, hubomoka na kutoka kama damu ya hedhi. Kwa mwenye endometriosisi, tishu inayofanana na utando huo huota nje ya mfuko wa uzazi: kwenye mifuko ya mayai, nyuma ya kizazi, kwenye mirija, kwenye utumbo mpana au kibofu cha mkojo, na kwa nadra hata kwenye kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua. Huko ilikoota huitikia homoni za mwezi, huvimba, huchokoza viungo vilivyo jirani, na kadiri miaka inavyopita huacha makovu yanayogandisha viungo vilivyopaswa kuteleza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa asilimia 10 hivi ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, yaani watu wapatao milioni 190 duniani, wanao ugonjwa huu.

Daktari wa Marekani, John Sampson, alieleza mwaka 1927 kwamba damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija na kumwaga chembe zake tumboni. Maelezo hayo yana uzito, lakini wanawake walio wengi hurudishiwa damu kwa njia hiyo bila kuugua, kwa hiyo kinga ya mwili na urithi navyo vina sehemu yake, na binti ambaye mama au dada yake anaumwa yuko katika hatari kubwa zaidi. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu bado mgonjwa huulizwa na ndugu zake alifanya nini, kama aliwahi kutoa mimba, kama alitembea ovyo, kama kuna mtu alimkosea. Hakufanya lolote. Swali hilo limewanyamazisha mabinti wengi wa kanda hii, na mgonjwa aliyenyamaza hutibiwa kwa kubahatisha.

Na kweli wanabahatishiwa. Wapo waliotibiwa UTI mara nyingi mpaka wakaizoea, wakapewa antibayotiki za maambukizi ya kizazi bila kipimo kuonyesha maambukizi, wakaambiwa ni chango la uzazi na litakwisha wakiolewa au wakizaa. Ni kweli kwamba katika ujauzito baadhi hupata nafuu, lakini nafuu hiyo ni ya muda, na kumwozesha binti ili apone ni kumwongezea mzigo. Hedhi inaweza kuuma kidogo na mtu akaendelea na kazi zake. Maumivu yanayomlaza binti asiende shule, yanayomtapisha, yanayorudi wakati wa tendo la ndoa au wakati wa haja kubwa siku za hedhi, hayo yanahitaji daktari. Jambo jingine ambalo huwashangaza hata wahudumu wa afya ni kwamba ukali wa maumivu haulingani na wingi wa ugonjwa: mwenye vidoa vichache anaweza kuugulia sakafuni, na mwenye uvimbe mkubwa kwenye mfuko wa mayai asiumwe sana.

Picha ya ultrasaundi ikitoka safi haimaanishi kwamba mgonjwa ni mzima, kwa sababu vidoa vidogo havionekani kwa urahisi. Zamani ilionekana ni lazima kwanza afanyiwe upasuaji wa matundu madogo, laparoskopi, ndipo jina la ugonjwa litajwe. Mwongozo wa Ulaya uliotolewa mwaka 2022 umelegeza sharti hilo: daktari akiridhika na maelezo ya mgonjwa na vipimo vya picha, anaweza kuanza tiba na kuangalia matokeo. Kwa watu wa Dodoma na Singida, ambao si kila hospitali iliyo karibu nao ina vifaa hivyo wala mtaalamu wake, hii ni habari kubwa, ingawa inategemea jambo moja, yaani maelezo ya mgonjwa yawe kamili.

Kwa sababu hiyo huwa nawaomba wagonjwa waandike. Kuna mama ambaye, kwa ruhusa yake, naweza kueleza alivyofanya. Alichukua daftari la shule, akapiga mistari kwa rula, akaweka safu ya tarehe, safu ya damu, safu ya maumivu kuanzia 0 hadi 10, na safu ya dawa aliyokunywa pamoja na saa. Katika safu ya mwisho, ambayo aliibuni mwenyewe, aliandika alichoshindwa kufanya siku hiyo: kuchota maji, kukaa kwenye benchi kanisani, kumbeba mtoto. Daktari aliyezoea kumwandikia antibayotiki alipofungua kurasa hizo aliona kwamba maumivu ya haja kubwa yalitokea siku za hedhi peke yake na kutoweka siku nyingine zote, na hapo matibabu yake yakabadilika.

Sasa tuje kwenye dawa, na nianze na zile mnazonunua wenyewe. Ibuprofeni, diklofenaki na asidi ya mefenamiki huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazoukaza mfuko wa uzazi na kuchochea uvimbe. Zikishatengenezwa kwa wingi, dawa hufika imechelewa. Mwenye mzunguko unaotabirika na aanze kumeza siku moja kabla ya hedhi, au dalili ya kwanza inapojitokeza, kisha aendelee kwa saa zilizopangwa katika siku zile mbili tatu mbaya, badala ya kusubiri mpaka ajikunje kitandani. Kwa mtu mzima, ibuprofeni miligramu 400 kila baada ya saa 8, baada ya kula, ni kipimo cha kawaida, na anaweza kuongeza parasetamo kwa sababu inafanya kazi kwa njia tofauti. Asichanganye ibuprofeni na diklofenaki, kwani ni za kundi moja, na kuzichanganya huongeza madhara tu. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au pumu, na mwenye wasiwasi kwamba ana mimba, aulize kwanza. Nawaona pia wanaochomwa sindano ya diklofenaki kila mwezi wakiamini kwamba sindano ina nguvu kuliko kidonge. Anayeweza kumeza bila kutapika hana faida kubwa ya kuchomwa.

Dawa hizo zisipotosha, hatua inayofuata ni homoni, na hapa ndipo ninapopoteza wagonjwa wengi. Lengo la homoni ni kuituliza ile tishu isiendelee kujengeka na kubomoka kila mwezi. Zilizo karibu nasi ni zile zile za uzazi wa mpango, ambazo katika vituo vya serikali hutolewa bila malipo: vidonge vya majira, sindano ya kila miezi 3, na kijiti cha mkononi kinachodumu miaka 3 au 5 kulingana na aina yake. Kuna pia norethisteroni, na dienojesti ya miligramu 2 kila siku, ambayo imefanyiwa utafiti mwingi kwa ugonjwa huu hasa, ila bei yake humfanya mgonjwa ajiulize ataimudu miezi mingapi. Kitanzi chenye homoni ya levonojestreli nacho husaidia sana. Tafadhali msikichanganye na kitanzi cha shaba kinachopatikana vituoni kwa wingi, kwa sababu cha shaba hakina homoni na kinaweza kuongeza damu na maumivu.

Chukueni mfano wa sindano. Katika miezi ya mwanzo damu hutoka bila mpangilio, matone leo, kesho hakuna, kesho kutwa tena. Mwanamke ambaye hakuambiwa hudhani ugonjwa umezidi, naye haendi kwa sindano ya pili wala harudi kwa aliyemchoma. Anayevumilia huenda akakosa hedhi kabisa, na takribani nusu ya watumiaji hufikia hapo baada ya mwaka mmoja, kisha majirani humwambia kwamba damu inagandamana tumboni na itamletea uvimbe. Hakuna damu inayogandamana. Dawa imezuia utando usijengeke, kwa hiyo hakuna kilichobaki cha kutoka, na kwa mgonjwa wa endometriosisi hayo ndiyo matokeo tunayoyatafuta. Madhara ya kweli pia yapo na yasemwe: uzito unaweza kuongezeka, mifupa hupungua uimara kidogo wakati wa kuitumia, na baada ya kuiacha uwezo wa kushika mimba unaweza kuchelewa kurudi kwa karibu mwaka mzima. Anayetaka mtoto mwakani asipewe sindano hiyo, hata kama ni ya bure na iko jirani.

Vidonge vya majira navyo, kwa ugonjwa huu, mara nyingi humezwa mfululizo bila kuacha wiki ya hedhi. Havimfai mwenye shinikizo la damu, aliyewahi kuganda damu mguuni au kwenye mapafu, wala mwenye kipandauso kinachoanza na miale machoni. Shida kubwa ninayokutana nayo, hata hivyo, haiko kwenye orodha ya tahadhari. Mama anafungua begi la binti yake wa kidato cha tatu, anakuta pakiti ya majira, na nyumba inawaka moto. Kina mama, nawaomba kwa dhati: binti aliyeandikiwa vidonge hivyo na daktari anatibiwa maumivu, na mkimnyang'anya mnamrudisha kwenye godoro alilokuwa akiling'ata. Nendeni naye kliniki, muulize maswali yenu yote, mrudi mkijua saa anayopaswa kumeza.

Homoni yoyote ipewe miezi mitatu hivi kabla ya kuihukumu, isipokuwa imeleta dalili ya hatari kama maumivu makali ya kifua, mguu kuvimba upande mmoja, au huzuni nzito inayomfanya mtu achoke kuishi. Huzuni hiyo ni madhara yanayojulikana, na mgonjwa aiseme bila aibu ili abadilishiwe. Kubadilisha dawa ni sehemu ya matibabu yenyewe. Aliyeshindwa na sindano anaweza kukaa vizuri na kijiti, aliyeumwa kichwa na majira akatulia na norethisteroni. Anayeacha kimyakimya, daktari humhesabu kuwa amepona, na yeye mwenyewe huhitimisha kwamba hakuna dawa duniani inayomfaa.

Zipo dawa nzito zaidi, kama goserelini ya miligramu 3.6 inayochomwa chini ya ngozi ya tumbo kila baada ya siku 28, ambayo huzimisha homoni za mifuko ya mayai na kumletea mwanamke joto la ghafla na kukosa usingizi kama aliyekoma hedhi. Kwa kuwa hupunguza mifupa, hutolewa kwa muda mfupi au pamoja na homoni kidogo ya kufidia, tena chini ya daktari bingwa. Upasuaji wa kuondoa vidoa na makovu huleta nafuu kubwa kwa wengi, lakini ugonjwa unaweza kurudi, na hata kuondoa kizazi hakutoi hakikisho iwapo tishu imebaki kwingine.

Kuhusu dawa za kusafisha kizazi zinazouzwa mitandaoni na stendi, sitazunguka: haziwezi kufika mahali tishu hii ilipoota, na zile za kuweka ukeni huunguza na kuleta maambukizi. Bibi anayekukanda na kukuwekea chupa ya maji ya moto tumboni anakusaidia kweli, maana joto hutuliza misuli.

Kina baba, mke anayekwepa tendo la ndoa kwa sababu linamchoma hajakuchoka. Mzungumze, mtafute mkao na siku zisizomuumiza, na siku za kliniki uwe naye. Na kwa wanaotafuta mtoto, homoni zote nilizozitaja zinazuia au kuchelewesha mimba, kwa hiyo njia yao ni nyingine: dawa za maumivu zilizochaguliwa kwa uangalifu, tathmini ya mapema ya mume na mke kwa pamoja, na pengine upasuaji. Wengi hupata watoto. Happiness Millen Magese, Miss Tanzania wa mwaka 2001, alieleza hadharani maumivu yake na upasuaji mwingi aliofanyiwa, na mwaka 2017 alijifungua mtoto wa kiume. Lakini mwanamke aliyekosa hedhi kisha akapata maumivu makali ya ghafla upande mmoja au kuzimia asisubiri kliniki, awahishwe hospitali saa hiyohiyo, kwani huenda ni mimba iliyotunga nje ya kizazi.

Nitakaa hapa mbele baada ya maswali. Mwenye pakiti ya dawa anayoitumia sasa, au aliyoiacha, aje nayo tuisome pamoja, na asiyependa kuzungumza mbele za watu atamkuta muuguzi mwenzangu katika chumba cha pembeni.