Kompyuta Inayokusomea Si Bubu

Ndugu zangu, wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, na nitalirudia mpaka liwaingie. Kama NVDA, ile programu inayotusomea skrini sisi tusioona, inakusomea, basi spika inayotoa sauti yake ni nzima, na dreva, programu inayoendesha sauti, ni nzima. Muziki ukikosa sauti, usikubali mtu aifomati kompyuta yako, yaani aifute yote!

Nalisema kwa uchungu. Mwanafunzi wangu mmoja alinipigia simu akiwa ameshamlipa fundi nusu ya fedha ya kufomati. Nikamwambia njoo nayo kwangu kwanza. Akafungua VLC, programu ya kupiga muziki, akaweka wimbo: kimya. Nikamwambia asikilize muda unavyosomwa. Sekunde 12, kisha 15. Muda unakwenda, maana yake wimbo unapigwa, sauti inapotelea njiani. Nikachomoa eafoni, ambazo bwenini huzivaa siku zote. Taarabu ikajaa chumba! Lakini sikilizeni vizuri: NVDA ilitoka spika ya kushoto, taarabu ya kulia.

Toleo la 2024.2 la NVDA lilileta kugawa sauti: kisoma skrini kushoto, programu nyingine zote kulia. Ni kitufe cha NVDA (kwa kawaida Insert), Alt na S kwa pamoja, na kidole huteleza. Eafoni yake ya kulia ilikuwa imekufa zamani, na muziki wote ulikuwa unamiminikia humo. Akabonyeza tena mwenyewe, akavaa eafoni, taarabu ikamjia sikio la kushoto. Alikaa kimya kitambo. Kazi zake zote za chuo zilikuwa ndani ya mashine ile.

Mtasema, si angemwita anayeona? Alimwita. Anayeona akatazama alama ya spika pale karibu na saa, akakuta 100, akasema imeharibika. Ile ni sauti ya kompyuta nzima, jamani! Kila programu ina ya kwake. Bonyeza Windows na R, andika sndvol, Enter. Wimbo uwe unapigwa kwanza, la sivyo programu yako inaweza isionekane. Nenda kwa Tab mpaka uisikie ikitajwa, kisha pandisha kwa mshale wa juu. Karibu yake kuna kitufe cha kunyamazisha, kikague nacho.

Mnaopiga muziki kwa programu ya foobar2000, kagueni kwenye mipangilio sauti inatumwa kifaa gani; huenda bado imechaguliwa spika ya bluetooth mliyoiacha nyumbani.

Muda umekwisha. Mwenye laptopu isiyotoa muziki aje nayo hapa mbele, na mtu asimshikie kibodi.