Kwa Nini Chupa ya Plastiki Husinyaa kwa Maji ya Moto

REHEMA: Karibuni wasikilizaji wetu. Leo tunazungumzia polima, yaani vitu kama plastiki na mpira ambavyo molekuli zake ni minyororo mirefu, na ninaomba tuanze na jambo ambalo wengi wetu tumelishuhudia: ukimimina maji yanayotokota ndani ya chupa nyepesi ya plastiki, chupa hiyo husinyaa na kupinda papo hapo. Kaka Selemani, watu husema imeyeyuka. Je, ni kweli?

SELEMANI: Haijayeyuka, Dada Rehema. Chupa nyingi za namna hiyo hutengenezwa kwa polietilini tereftalati, ambayo fuwele zake huyeyuka karibu na nyuzi 250 za Selisiasi, ilhali maji yanayochemka hayazidi nyuzi 100. Kilichotokea ni kwamba plastiki imevuka nyuzi 75 hivi, yaani joto la mpito wa kioo. Chini ya kiwango hicho minyororo ya molekuli imekwama mahali pake na plastiki ni ngumu. Juu yake, vipande vya minyororo hupata nafasi ya kujigeuza, na plastiki hulegea ingawa bado haijawa kimiminika.

REHEMA: Kulegea ninakuelewa. Lakini tulifundishwa kwamba vitu vikipata joto hutanuka, na chupa hii inasinyaa.

SELEMANI: Jibu limo katika namna chupa ilivyotengenezwa. Kwanza plastiki iliyoyeyushwa husukumwa kwa shinikizo ndani ya kalibu, ikawa mrija mfupi na mnene wenye shingo ya hesi, kisha ikapozwa haraka. Mrija huo hupashwa tena joto hadi kukaribia nyuzi 100, hunyooshwa kwa fimbo, na hupulizwa kwa hewa hadi ujaze kalibu ya chupa. Minyororo hunyooka kwa urefu na kwa upana, na kabla haijapata muda wa kujikunja, ubaridi wa kalibu huifungia katika hali hiyo. Maji ya moto huifungulia, nayo hurudi ilikotaka kurudi tangu mwanzo. Ukiichunguza chupa iliyosinyaa utaona kwamba shingo haikupungua kama kiwiliwili, kwa sababu shingo haikunyooshwa kiwandani.

REHEMA: Unasema minyororo "ilitaka" kurudi. Ni nini hasa kinachoivuta?

SELEMANI: Hapa ndipo polima zinapoachana kabisa na chuma. Ukivuta waya wa chuma cha pua au chuma cha kawaida, unazitenganisha atomi kidogo tu, na nguvu inayokupinga ni ya vifungo vyenyewe. Ndiyo maana moduli ya Young ya chuma, yaani kipimo cha ukinzani wake dhidi ya kuvutwa, hufikia gigapaskali 200 hivi. Mnyororo wa mpira, kwa upande wake, ukiwa umenyooka kabisa una namna moja tu ya kukaa, lakini ukijikunja una namna zisizohesabika, na msukosuko wa joto huurudisha daima kwenye hali hiyo yenye namna nyingi. Nguvu hiyo ni ya entropia, yaani hutokana na wingi wa namna za kukaa, na ni ndogo: moduli ya mpira laini hukaribia megapaskali 1 tu.

REHEMA: Kama chanzo chake ni joto, basi mpira uliovutwa ukipashwa joto unapaswa kuvuta kwa nguvu zaidi.

SELEMANI: Hivyo ndivyo ilivyo, na binafsi naliona kuwa miongoni mwa matokeo mazuri mno katika fizikia ya mata. Ning'iniza uzito kwenye utepe wa mpira, upashe utepe joto, na uzito utapanda. Mwaka 1805, Mwingereza John Gough, aliyekuwa kipofu, alieleza pia kwamba mpira ukivutwa kwa ghafla hupata joto, na joto hilo alilihisi kwa midomo yake. Msikilizaji anaweza kulijaribu kwa utepe wowote wa mpira. Wakati huo hakuna aliyejua habari za minyororo. Ni mwaka 1920 ndipo mwanakemia Mjerumani Hermann Staudinger alipotoa hoja kwamba polima ni molekuli ndefu zilizounganishwa kwa vifungo vya kawaida vya kikemia. Alipingwa vikali, na mwaka 1953 alipewa Tuzo ya Nobel.

REHEMA: Tuje kwenye mtiririko. Urefu wa mnyororo unaathirije mnato, yaani uzito wa kutiririka, wa plastiki iliyoyeyushwa?

SELEMANI: Minyororo mifupi hupitana kwa urahisi, na mnato huongezeka takriban sawia na urefu. Lakini ikishakuwa mirefu kiasi cha kusokotana, mnato hupanda kwa kipeo cha 3.4 hivi, kwa hiyo ukiuzidisha urefu mara mbili, mnato huongezeka zaidi ya mara kumi. Mwenye kiwanda hujikuta katika mvutano, kwa kuwa minyororo mirefu huipa bidhaa ushupavu lakini huwa migumu kuisukuma ndani ya kalibu. Kinachomsaidia ni kwamba plastiki hiyo ikisukumwa kwa kasi, minyororo hujipanga kuelekea upande wa mtiririko na mnato hushuka.

REHEMA: Kwa hiyo kasi nayo ina neno lake, hata kwa plastiki iliyokwisha kuganda?

SELEMANI: Sana, na hapa ndipo wabunifu wengi wa vifaa hukosea. Wanachukua moduli moja kutoka kwenye jedwali, iliyopimwa kwa dakika chache, kisha wanaitumia kwa rafu itakayobeba mzigo kwa miaka. Plastiki chini ya mzigo wa kudumu huendelea kupinda polepole, kwa sababu minyororo huteleza kidogo kidogo. Moduli ya plastiki isiyotajiwa muda na joto, kwangu mimi, ni nusu ya habari.

REHEMA: Je, inabidi kusubiri miaka kumi ili kuujua mpindo wa miaka kumi?

SELEMANI: Mara nyingi hapana. Kuongeza joto huharakisha mwendo uleule wa minyororo, na mwaka 1955 watafiti Williams, Landel na Ferry walichapisha mlinganyo unaoonyesha ni kwa kiasi gani. Mhandisi hupima kwa saa chache katika viwango kadhaa vya joto, kisha huyaunganisha matokeo kuwa mkunjo mmoja wa grafu unaofikia miaka mingi. Sharti ni kwamba joto lisibadili kitu kingine: fuwele zikianza kuyeyuka, au minyororo ikianza kukatika, mkunjo huo hauaminiki tena, na hapo hakuna njia ya mkato.