Pima Soketi, Achana na Kava: Mhadhara kuhusu kuunda upya makava ya katriji za Commodore 64

Marahaba, marahaba. Kaeni jamani, na wa nyuma sogeeni mbele, kipaza sauti hiki kina mambo yake.

Waliowahi kunisikia wanajua nitasema nini, na naona wawili watatu wameshaanza kucheka. Chekeni tu. Nitasema tena, maana juzi nimeletewa kava jingine la katriji ya Commodore 64, jipya, linang'aa, halina hata mkwaruzo, na ukiweka bodi ndani haikai. Kijana aliyelileta ananiambia kwa fahari, "Mzee, nimelikopi kutoka la asili kabisa, kwa skana." Nikamwambia, basi hapo hapo ndipo ulipojimaliza.

Katriji siwaelezi. Wengi wenu mmekua na TV game za kaseti za njano, mkizipuliza mpaka mashavu yanauma. Hii ya Commodore ni ndugu yake: bodi ndogo, chipu ya kumbukumbu, meno ya shaba upande mmoja, na kava la plastiki la vipande viwili. Mashine yenyewe, kompyuta ya nyumbani, ilitoka mwaka 1982, kampuni ikafilisika 1994, lakini watu hawajaiacha. Kule Ujerumani ninakofanya kazi ya kalibu, yaani chuma cha kumiminia plastiki ipate umbo, ambako Commodore ilikuwa na kiwanda Braunschweig, kuna watu wazima na ndevu zao wanaandika gemu mpya, wanatengeneza na katriji za kupimia mashine mbovu. Bodi siku hizi si tatizo, unatuma faili inarudi kwa posta. Wanakwama kwenye kava.

Na hapo kuna mtu anasema moyoni, "Kava tu?" Hiyo "tu" ndiyo inayonipandisha presha. Mwaka 1976 kampuni ya Fairchild ya Marekani ilitoa Channel F, mashine ya kwanza ya gemu ya nyumbani yenye katriji za kubadilisha zenye chipu ya kumbukumbu ndani. Sifa anapewa Jerry Lawson, mhandisi Mmarekani mweusi, na anastahili. Lakini pembeni yake alikuwepo Ron Smith, mhandisi wa mitambo, na Nick Talesfore, mbunifu wa maumbo. Hawa hawatajwi, na kazi waliyopewa haikuwa ndogo. Bodi ya elektroniki kabla ya hapo kwa kawaida ilichomekwa kiwandani na fundi anayejua anachofanya, ikaachwa humo. Sasa inachomekwa na mtoto aliyetoka kuburuza miguu kwenye zulia, mwili umejaa umeme tuli, anachomeka na kuchomoa mamia ya mara. Bila kava lililofikiriwa vizuri, chipu inakufa na soketi inalegea.

Atari 2600, mashine nyingine ya gemu, ilipokuja mwaka uliofuata, katriji zake zikawa na kijilango cha springi mdomoni cha kuzuia vumbi, na kwenye mashine kuna vijiti viwili vinavyoingia ndani ya kava na kukifungua. Ukiunda kava la Atari ukasahau kuacha nafasi ya vijiti hivyo, katriji haishuki mpaka chini. Activision, kampuni ya gemu, walipoanza kutoa katriji zao za Atari wakaona kijilango cha nini, wakakiondoa. Sawa, ni uamuzi wao. Lakini waliamua wakijua kinafanya kazi gani. Ninyi mnaondoa vitu kwa sababu skana haikuviona!

Turudi Commodore. Soketi yake, pale katriji inapochomekwa, ina pini 44. Mstari wa juu ni namba 1 mpaka 22. Wa chini ni herufi, A mpaka Z, wameruka G, I, O na Q. Kutoka pini moja hadi nyingine ni milimita 2.54. Pini ya 1 ni ardhi, yaani njia umeme unaporudia. Ya 2 na ya 3 ni volti 5, zote mbili, na kwenye bodi ya katriji meno hayo mawili yameunganishwa. Wekeni hilo kichwani: la 2 na la 3 yameunganishwa.

Sasa tumfuate yule kijana. Amechukua kava la zamani, amelipiga skana, amechonga kalibu kwa vipimo vilevile. Plastiki ni ABS kama ya zamani, hapo simlaumu. Lakini ABS ikipoa inasinyaa, asilimia 0.4 hadi 0.7. Fundi wa Commodore alilijua hilo, akachonga kalibu yake kubwa kidogo ili kava likisinyaa lifike kwenye kipimo. Wewe umepima kava ambalo tayari limesinyaa, ukachonga kalibu kwa kipimo hicho, ukamimina plastiki, na yenyewe ikasinyaa tena. Kwa kila milimita 100 umepoteza kama nusu milimita. Mtu ananiambia, "Nusu milimita ni nini bwana, hata ukucha ni mnene kuliko hiyo."

Ngoja nikuambie. Bodi haisinyai. Bodi ni nyuzi za kioo na gundi, unene milimita 1.6, iko vilevile. Kwa hiyo vile vijiti vya ndani ya kava vinavyopita kwenye matundu ya bodi sasa vimekaribiana, na matundu hayajakaribiana. Bodi haiingii. Kijana anafanya nini? Anarudi kwenye kompyuta asahihishe kipimo? Thubutu! Anachukua tupa. Anapanua matundu. Bado inabana pembeni. Anakwangua ubavu wa bodi, huku kidogo, huku kidogo. Sasa inaingia, anafunga skrubu, anafurahi, anapiga picha.

Mteja wangu mmoja alinunua katriji ya namna hiyo, sio ya kijana huyu, ya fundi mwingine ambaye simtaji na hayupo hapa. Kwa nje huwezi kujua. Kaichomeka, gemu ikawaka, wiki nzima anacheza. Siku moja kaichomeka kwa kuisukuma upande, kawasha, kimya. Taa haiwaki. Akaniletea kila kitu kwenye mfuko wa plastiki. Nikafungua kava, nikatikisa bodi kwa kidole, ikacheza kushoto na kulia yenyewe. Hakuna kilichoishika: matundu yamepanuliwa, mbavu zimekwanguliwa, na ndani ya soketi vilevile kuna pengo. Nikaisogeza mpaka mwisho wake nikaangalia kwa lenzi. Jino la pili la bodi lilikuwa limegusa pini ya 1 ya mashine, na la tatu linagusa ya 2. Na mmeweka kichwani la 2 na la 3 yamefanya nini?

(Ukumbi: "Yameunganishwa!")

Basi. Volti 5 imekwenda ardhini moja kwa moja. Imepiga shoti. Kilichotangulia kufa ni adapta, ile ya asili ambayo ndani imejazwa gundi ngumu, huifungui hata kwa nyundo. Na wala haikuhitaji kusogea milimita 2.54 nzima. Ikisogea kama nusu yake, pini moja ya soketi inaweza kulalia meno mawili. Hiyo ndiyo nusu milimita yako. Peke yake haijaua kitu, imeita tupa.

Kwa hiyo, nasema na nitaendelea kusema: usianze na kava. Chukua venia, kile kipimo cha fundi cha kubana, pima soketi. Pima bodi. Pima tundu la nyuma la mashine ambamo kava linapita, na usipime mashine moja. Kuna ile ya kwanza nene, kuna C64C ya mwaka 1986 yenye umbo jembamba, kuna Commodore 128 ya 1985 ambayo inapokea katriji hizihizi. Vipimo vya vijiti na mdomo vitoke hapo. Kava la zamani liachie kazi ya sura tu: mviringo wa kingo, vipele vya juu, mahali lebo inapokaa. Halafu ukishapata vipimo vyote, ongeza ya kusinyaa, na umuulize muuza plastiki asilimia ya plastiki yake hasa, usichukue ya kwenye mtandao.

Kuna mkono umenyooshwa. "Bodi tupu si inafanya kazi bila kava?" Inafanya. Lakini bodi tupu haimwambii mtu upi ni juu na upi ni chini, kava lina lebo. Ukiigeuza, kwa bahati ardhi inakutana na ardhi, maana Commodore waliiweka kwenye pembe zote nne, 1, 22, A na Z. Yaani kuna mtu alikaa akafikiria. Ila yale meno ya kupokea volti 5 yanakutana na mistari ya anwani, A0 na A1, ambayo mashine inaitumia kutaja mahali kwenye kumbukumbu, na mistari hiyo haikuumbwa kulisha umeme bodi nzima. Unataka kujaribu? Jaribu kwako.

Swali jingine nalijua kabla halijaulizwa: printa ya 3D. Jamani, sina ugomvi na printa ya 3D. Ukitaka kava moja, au kumi, chapa. Mimi mwenyewe kabla ya kukata chuma nachapa kwanza, nachomeka, nachomoa. Ila ukichapa kwa PLA, plastiki hiyo inaanza kulainika kwenye nyuzi kama 60. Iache kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani hapa mjini, saa nane mchana, uone kama utakuta kava au chapati. ABS inavumilia mpaka karibu nyuzi 100. Na ukitaka mia tano, printa inachukua saa kadhaa kwa moja, mashine ya kusukuma plastiki inachukua chini ya dakika. Gharama yote iko kwenye kalibu, vipande vinavyofuata ni bei ya plastiki na umeme. Ndiyo maana kalibu ikikosewa unalia.

Na yule anayesema tununue katriji za zamani zisizo na thamani, tutoe ndani, tubaki na kava: unaharibu kitu kizima ili upate ganda. Sijadili.

Kalibu sasa, kwa haraka. Kuta ziwe na mteremko, digrii 1 au 2, la sivyo kipande kinang'ang'ania ndani na sindano za kusukumia zinakitoboa. Uso wenye vipele unataka zaidi, na makava ya Commodore yana vipele. Mbavu za ndani ya kava, zile kuta ndogo za kuliimarisha, zisizidi kama asilimia 60 ya unene wa ukuta, vinginevyo kwa nje unapata kibonyeo, na kitatokea palepale chini ya lebo ambapo kila mtu anapapasa. Punje za ABS zikaushwe, nyuzi 80, saa mbili mpaka nne, kabla ya kuyeyushwa kwenye 220 hadi 260. Hapa kwetu pwani hewa ina maji mengi, hamna ruhusa ya kuruka hatua hiyo. Viwanda vya ndoo na viti vya Barabara ya Nyerere, anayeendesha mashine ataangalia kava lenu dogo atacheka, lakini haya yote anayajua kuliko mimi. Mwendeeni na soda.

Naonyeshwa kikaratasi cha dakika tano. Nilikuwa na sehemu nzima ya vibanio dhidi ya skrubu, basi imekufa. Tumieni skrubu.

Rangi. Makava ya zamani yamebadilika rangi kwa mwanga na hewa, na zile plastiki za rangi ya maziwa zimegeuka manjano, dawa ya kuzuia moto yenye bromini ndiyo inalaumiwa zaidi. Usilinganishe rangi yako na nje. Fungua kava, linganisha na ndani ambako jua halikufika.

Alama. Ndani ya kalibu chongeni alama yenu na mwaka wa kutengeneza, hivyo kila kava litatoka nayo. Nembo ya Commodore si yenu, msiiguse. Kuna watu wanaweka bodi mpya kwenye kava jipya wanaliuza kama la 1983, huo ni wizi, na siku wakikamatwa mtanaswa na ninyi mliowauzia makava.

Nimemaliza, au nimemalizwa. Sampuli ziko pale mezani, mashine imewashwa. Zima kabla ya kuchomeka, kila mara. Ile katriji yenye utepe mwekundu ndiyo ya yule mteja, angalieni, tikiseni, msiichomeke. Adapta niliyobaki nayo ni moja.