Ekseli Kuingia Siyo Kufaa

Ndugu zangu mafundi na wenye magari, naanzia palepale ninapoanzia kila mara. Muuza spea za mtumba akikwambia "ekseli hii inaingia", hajakudanganya. Inaingia kweli: springi zinakaa, yubolti zinabana, propela, ile shafti ndefu ya kuleta nguvu kwenye ekseli, inafunga. Swali langu ni moja tu. Rashio ya difu, zile gia za katikati ya ekseli, ni ngapi? Yaani propela inazunguka mara ngapi ili tairi zizunguke mara moja?

Niliwahi kununua ekseli nzima ya nyuma ya pikapu yangu inayovuta magurudumu manne. Ilitoka kwenye gari la modeli ileile, mwaka uleule. Nilipima upana na vikalio vya springi, vyote sawa. Wiki mbili gari likaenda vizuri, maana lilikuwa likisukumwa na nyuma peke yake. Siku nilipokwama kwenye tope nikaweka magurudumu manne, likatoka, nikasahau kurudisha. Kufika barabara ngumu, usukani ukawa mzito hata pasipo na kona, na kigingi cha transifa, giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma, kikagoma kurudi. Ilibidi nipige rivasi kidogo ndipo kikaachia. Nilipofungua difu ya nyuma, kraun, ile gia kubwa, ilikuwa na meno 43 na pinioni, ile ndogo inayoizungusha, meno 10, yaani 4.3. Ya mbele ilikuwa 41 kwa 10, yaani 4.1.

Hapo huwa naambiwa, "Pointi mbili tu, fundi!" Basi tupige hesabu. Ukiweka magurudumu manne, propela ya mbele na ya nyuma zinazunguka kwa mwendo mmoja. Tairi za mbele zikitaka kwenda mita 100, za nyuma zinataka kwenda 95. Hizo mita tano ziende wapi? Kwenye tope tairi inateleza, tofauti inamezwa. Kwenye lami hakuna pa kuteleza, kwa hiyo mkazo unajikusanya ndani ya propela, transifa na difu mpaka kitu kikatike.

Wala huhitaji kufungua difu ili ujue. Weka alama ya chaki kwenye flenji ya propela, pale inapofungwa kwenye difu, na kwenye habu moja, pale gurudumu linapofungwa. Mwenzako aishike habu ya upande wa pili isisogee kabisa. Zungusha ya kwako mizunguko miwili kamili, uhesabu flenji imezunguka mara ngapi. Nne na kipande kidogo, ni 4.1; nne na karibu theluthi, ni 4.3. Kwa nini miwili? Kwa sababu upande mmoja ukishikwa, kraun inapata nusu tu ya mzunguko wako. Ikiwa habu zote mbili zinazunguka pamoja kwa kulazimisha, hiyo ni difu ya kujifunga. Zungusha zote mzunguko mmoja. Ni kazi ya dakika tano, na bado watu hawaifanyi!

Atakuwepo wa kusema gari lake linasukumwa na nyuma tu, rashio haimhusu. Inamhusu. Akitoka 4.1 kwenda 4.3, injini itazunguka zaidi kwa mwendo uleule, na spidi mita inayosoma kutoka kwenye giaboksi itamwonyesha mwendo mkubwa kuliko anaokwenda.

Muda umeniishia, mengine nayapitia mbio. Stadi, zile bolti za kufungia rimu, unazipima upana wa duara lao: zikiwa sita, pima katikati ya moja hadi katikati ya inayoitazama. Zikiwa tano hakuna zinazotazamana, kwa hiyo pima mbili jirani, katikati kwa katikati, uzidishe kwa 1.701, milimita 67.2 zinakupa 114.3. Usikubali 112 kwa sababu rimu imeingia kwa kulazimishwa. Nati zitakaa mshazari, na zitalegea barabarani.

Shafti za gari linalovutwa na mbele: za otomatiki na za manuali mara nyingi hazilingani urefu wala meno, na kushoto si kulia. Nenda na ya zamani mkononi, zilaze pamoja, hesabu meno ya ncha zote mbili na ya pete ya sensa ya ABS, ile breki isiyoacha tairi zigande.

Halafu fungua nati ya kumwagia oili, usugue tone moja kati ya vidole. Unga laini wa chuma kwenye sumaku ni uchakavu wa kawaida. Ukigusa vipande vyenye makali, au oili imekuwa nyeupe kama maziwa kwa maji, funga nati na uiache ekseli hapohapo.